Gari ya GK (ya serikali ya Kenya) imegonga bro wangu Jogoo Road, fidia hupigwa hesabu aje?

fundi_wa_umoja:
Wadau habari za jioni. Bro wangu mdogo aligongwa na gari ya GK akiwa kwa boda yake pale Jogoo Road, saa hii ni miezi saba. Mguu ulivunjika mifupa yote miwili chini ya goti, akawekewa vyuma na daktari anasema vitatolewa baadaye kwa operesheni ingine. Yeye ni fundi wa kuchomelea, kazi ya kusimama siku mzima, na mguu haujarudi vile ulikuwa. Sasa kuna jamaa alikuja mpaka wodini na kadi ya wakili, akasema eti hiyo ni milioni tano bila maneno mingi juu serikali iko na pesa. Mathe ameshaanza kuuliza bei za ploti Kangundo Road. Nataka kujua ukweli, hiyo figa jaji huitoa wapi?

karani_mstaafu:
Pole sana kwa ajali. Kwanza hiyo ya "serikali iko na pesa" itoeni kwa kichwa. Dereva wa GK akikosa, serikali inabeba kosa lake kama vile mwajiri mwingine yeyote angebeba, na mguu uliovunjwa na GK ni mguu ule ule uliovunjwa na matatu. Korti huangalia watu walioumia karibu sawa na huyo walipewa ngapi kwa kesi za juzi juzi, halafu inaongeza kidogo juu ya bei ya maisha kupanda. Ndio maana mawakili hubeba rundo la hukumu za nyuma, wako anatafuta zile za juu, wa serikali anatafuta zile za chini, na jaji anakata mahali katikati. Mguu kama huo mara nyingi hucheza kwa malaki, mamilioni kadhaa unayasikia kwa mtu aliyepooza au amekatwa kiungo.

Hiyo ni ya maumivu peke yake, fidia ya jumla. Kando yake kuna fidia maalum, yaani pesa ziliwatoka, na hapo korti haina huruma, kila kitu lazima kiandikwe kwa madai na kiwe na risiti. Invoisi si risiti. Nimeona mtu anakuja na bili kubwa ya hospitali halafu karatasi za malipo ni za nusu, na nusu ndio alipata. Operesheni ya kutoa vyuma pia iombwe mapema ndani ya madai, daktari aandike itakuwa pesa ngapi, msingoje kuitaja siku ya kutoa ushahidi.

Njeri_K:
Na kazi yake je? Hiyo ndio inaweza kuwa kubwa kuliko maumivu. Kama daktari ameandika ulemavu wa kudumu wa asilimia fulani, wakili anaweza kuomba ya kupungukiwa na uwezo wa kutafuta riziki. Tuseme mfano tu, alikuwa anapata 25,000 kwa mwezi, korti ikaona angefanya kazi miaka 10 zaidi na ulemavu ni asilimia 20, hiyo ni 25,000 mara 12 mara 10 inakuja milioni 3, asilimia 20 yake ni 600,000. Majaji wengine hawafuati hiyo hesabu wanatoa tu pesa ya jumla. Na asiogope eti hana pesilipu, Mahakama ya Rufaa ilishasema 2005 kwamba karatasi si njia pekee ya kuonyesha mtu anapata ngapi. Ikishindikana kabisa korti nyingi hushika mshahara wa chini wa serikali, ambao kwa fundi mzuri ni hasara, so atafute statement ya M-Pesa na wateja wake.

Omosh_wa_Donholm:
Hamjamwambia kuhusu lawama. Kama boda ilikuwa imeingilia leni ama hakuwa na leseni, wakili wa serikali atasukuma agawiwe kosa. Ikipatikana 1,080,000 na korti iseme yeye ni asilimia 20, anatolewa 216,000 anabaki na 864,000. Na hata akishinda ni kungoja, serikali hailipi hivi hivi.

wakili_mtaani:
Jambo la maana kuliko hayo yote ni tarehe. Ajali ya kawaida unapewa miaka 3, lakini kesi ya namna hii dhidi ya serikali ni miezi 12 tu, iko kwa Cap 39, sheria ya muda wa kushtaki serikali, kifungu cha 3. Kwa miezi saba bado mko ndani, lakini msilale. Anayeshtakiwa ni Mwanasheria Mkuu, si wizara wala dereva peke yake. Ile notisi ya siku 30 ya kuarifu serikali kabla ya kuishtaki, iliyo kwa Cap 40, sheria ya kesi za serikali, Mahakama Kuu 2012 ilisema kifungu chake cha 13A kinavunja haki ya kufikia korti, ila bado naituma kwa kila faili, karatasi moja hainiumizi. Angekuwa ameangukia shimo la mamlaka za barabara kama KURA ingekuwa sheria ingine ya 2007, hiyo inataka notisi ya mwezi mmoja na bado ni miezi 12.

Omosh, kuhusu kulipwa uko karibu na ukweli. Huwezi tuma oksheni wachukue GK. Baada ya hukumu unangoja siku 21, unachukua cheti cha amri kortini, karatasi ya kuonyesha serikali inadaiwa ngapi, unapelekea serikali, wakikaa kimya unaenda Mahakama Kuu kuomba mandamus, yaani amri ya kumlazimisha katibu wa wizara alipe, na akikataa tena anaitwa kwa kudharau korti. Ni refu lakini watu hulipwa. Na yule jamaa wa kadi wodini, mpite mbali.

fundi_wa_umoja:
Asanteni sana. P3, ile fomu ya polisi daktari hujaza kuhusu majeraha, tuko nayo, abstrakti ya polisi ya ajali pia, na nambari ya ile GK iko ndani. Shida ni teksi za kwenda kliniki, tulikuwa tunalipa keshi hakuna risiti. Na je, upande wa serikali wanaweza kumpeleka bro kwa daktari wao?

karani_mstaafu:
Wanaweza, na mara nyingi wa kwao huandika asilimia ya chini, ndio ripoti ya daktari wenu iwe imeandikwa vizuri na yule daktari awe tayari kuja kutoa ushahidi. Teksi za keshi zihesabu kama zimeenda. Kuanzia leo lipeni kwa M-Pesa na muombe dereva aandike risiti yenye tarehe na jina la mgonjwa.

Njeri_K:
Na mathe aache kwanza hiyo ploti 😅