Vikobe vya watoto: kopo moja wanapungua, la pili wamekufa wote, la tatu wamegoma kula

FundiShela (Mwanga, Kigoma)

Wakuu habari za jioni, na shikamoo kwa wakubwa. Mimi ni fundi cherehani, nipo Mwanga hapa Kigoma mjini. Leo sina swali la nguo, nina swali la wadudu, na naomba msinicheke kabla hamjamaliza kusoma.

Nina watoto wawili, binti wa miaka mitano yupo darasa la awali, na mdogo wake wa kiume wa mitatu. Mwanzoni mwa mwezi huu nilimtuma binti akachume majani ya kunde nyuma ya nyumba. Akarudi na jani moja tu. Chini yake kulikuwa na vitu vya njano kumi na nne, vimesimama wima vimebanana. Akaniuliza, "Mama, nani ameshona shanga kwenye jani?" Nikamwambia sijui, tuliweke mezani tuone. Siku ya tatu asubuhi shanga zimegeuka kijivu, na kufika mchana wametoka vidudu vyeusi, wadogo kuliko kichwa cha pini.

Jirani yangu ndiye aliyeniambia hao ni watoto wa yule mdudu mwekundu wa mgongo wa mviringo, mwenye madoa meusi, anayekula vidukari, vile vidudu vidogo vinavyofyonza utomvu wa kunde. Nilibisha. Mtoto hafanani na mama yake hata kidogo: mrefu, mweusi, ana mabaka ya rangi ya chungwa, anatembea kama mamba. Basi wanangu wamemwita kikobe, na mimi nitatumia hilo hilo, maana kila ninayemuuliza jina la Kiswahili ananipa la kwake.

Sasa tuna makopo matatu, yale ya plastiki ya pipi za jumla. Nimeyafunika kwa neti na lastiki, yapo chini ya meza ya cherehani. Kopo la kwanza ni hao wa shanga. La pili niliokota wanane wakubwa kwenye kunde za jirani. La tatu binti aliwatoa kwenye majani ya maboga, wa njano, wana miiba miiba mwili mzima.

Matatizo yangu haya hapa. Binti ana bati la vifungo. Kila asubuhi anahesabu vikobe vya kopo la kwanza na kupanga kifungo kimoja kwa kila mmoja. Alianza na vifungo kumi na vinne. Leo vimebaki sita, na sioni maiti hata moja! Kopo la pili wamekufa wote wanane ndani ya siku mbili, wamelala chali wanatikisa miguu mpaka wakatulia. Kopo la tatu nawapa vidukari kila siku, hawagusi, wanazidi kusinyaa. Binti ananiuliza maswali na mimi sina jibu. Kuna anayejua?

Mwana wa Kibirizi

Dada yangu, wenzako huku tunahangaika na bei ya dagaa, wewe unahesabu wadudu kwa vifungo! Natania. Ngoja nikae hapa nisome, wangu naye kila siku mfukoni ana jongoo.

BwanaShamba Mstaafu (Kasulu)

Marahaba mwanangu. Umeuliza maswali matatu, na kila moja lina jibu lake, usiyachanganye.

Naanza na la tatu kwa sababu hao bado wanaweza kupona. Wape majani ya maboga leo hii, usisubiri kesho. Hao si wala vidukari. Ukoo wa huyo mdudu ni mkubwa, na wengi wao ni wawindaji, lakini lipo tawi linalokula majani: maboga, matango, mnavu, nyanya chungu, maharage. Nimepigana nao kwenye bustani za watu miaka mingi. Lava wao, yaani mtoto kabla hajawa mdudu kamili, ni wa njano na ana miiba yenye matawi, kama ulivyoeleza. Akishakua utamjua kwa mgongo: mla vidukari anang'aa kama amepakwa mafuta, huyu wa maboga amefifia, kama ana vumbi, kwa sababu ana vinywele vifupi. Na jani analokula halitobolewi tu, linakwanguliwa nyama yote, zinabaki nyuzi. Wewe fundi utaliona, linakuwa kama neti.

Kopo la kwanza: wanalana. Ndiyo sababu huoni maiti. Hata siku ile ya kutoka kwenye yai, wa kwanza kutoka huwa wanakula mayai ya ndugu zao yaliyochelewa. Wakikosa vidukari, mkubwa anamla mdogo, na anayejivua ngozi ndiye anayeumia zaidi maana wakati huo hana nguvu ya kukimbia. Vidukari vichache kwenye kitawi havitoshi, wale wakubwa hula makumi kwa siku. Wagawe, wawili au watatu kwa kopo, na uwape kitawi kipya asubuhi na jioni. Vidukari weusi wa kunde wanafaa sana. Angalia tu usilete sisimizi pamoja nao. Sisimizi wanalamba utamu unaotoka kwa vidukari, kwa hiyo wanawalinda kama ng'ombe wao, na kikobe akisogea wanamfukuza.

La kopo la pili linanisumbua. Kulala chali na kutikisa miguu si njaa, hiyo ni sumu. Je, jirani hupulizia kunde zake dawa? Au nyie usiku mnapuliza dawa ya mbu chumbani?

FundiShela

Asante sana mzee wangu. Majani ya maboga nimeweka saa hiyo hiyo, na kabla ya kulala tulikuta tayari yamekwanguliwa. Wanangu walipiga makofi. Sikujua nilikuwa nawalisha nyama watu wa mboga.

Jirani hapulizii, hizo kunde anakula mwenyewe na wajukuu. Dawa ya mbu ya kupuliza hatutumii, mdogo ana kifua. Na makopo yote yapo sehemu moja, kwa hiyo kama ni hewa wangekufa wote.

Mwalimu wa Awali (Isevya, Tabora)

Dada FundiShela, samahani kwa kuingilia. Umesema makopo yote umefunika kwa neti. Neti gani?

FundiShela

Mwalimu, umenifanya nisimamishe cherehani.

La kwanza na la tatu ni vipande vya neti ya shela, vilivyobaki kwenye kazi ya bi harusi mmoja. Hili la pili neti ilikuwa imeisha, nikakata chandarua cha zamani kilichochanika. Kile cha dawa.

Mwalimu wa Awali (Isevya, Tabora)

Basi ndiyo hiyo hiyo, pole. Chandarua chenye dawa kimetengenezwa ili mdudu akigusa nyuzi afe, na dawa haichagui mbu na kikobe. Hata kikiwa kikuukuu dawa huwa haijaisha yote. Na vikobe wana tabia ya kupanda juu, wanafika kwenye kifuniko na kutembea humo humo. Nimejua kwa sababu mwaka juzi niliua kopo zima la darasa langu kwa njia hiyo, watoto ishirini na saba wananitazama. Kopo hilo lioshe kwa sabuni au ulitupe kabisa, usilirudie hivi hivi.

Niongeze mawili ya upande wa watoto, maana bwana shamba amemaliza ya wadudu.

Usimfiche binti kuhusu kulana. Vifungo vyake vimeshamwambia kuna kitu. Mimi watoto wangu niliwaambia wazi: walikuwa na njaa, wamekulana, kosa ni letu tuliochelewesha chakula. Wawili walilia kidogo, halafu wakakimbilia kunde kutafuta vidukari. Toka siku hiyo sijakumbusha mtu.

La pili, zuia mikono. Wape kalamu. Watoto wangu wanachora kikobe kila siku kwenye daftari moja, mchoro mmoja kwa siku, hata kama ni duara tu lenye miguu tisa. Ukifunua daftari mwishoni unaona mdudu anakua. Nyie wa Kigoma mna Gombe hapo jirani: Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika pale mwaka 1960, na kazi yake kubwa ilikuwa kukaa kimya na kuandika anachokiona. Sokwe aliwapa majina, hakuwapa namba, kwa hiyo binti akitaka kuwapa vikobe majina mwachie.

FundiShela

Nimemwambia binti ukweli wote, wa kulana na wa chandarua. Wa kulana alielewa upesi, akasema, "Kama samaki." Wa chandarua ulimshinda. Kwa nini tunalala ndani ya kitu kinachoua? Nilimweleza kuhusu mbu na homa, akaitikia, lakini usiku alilala katikati kabisa ya kitanda, mikono kifuani, asiguse neti.

Nimewagawa vikobe sita kwenye makopo matatu. Leo ni siku ya tatu na vifungo bado sita.

Jambo jipya: wawili wamejibandika kwenye neti kwa makalio, wamejikunja, hawali wala hawatembei. Nilidhani wamekufa, nikamgusa mmoja kwa ncha ya sindano nimbandue. Akajiinua kwa nguvu kama amekasirika, nikaruka na kiti! Mwanangu mdogo wa miaka mitatu amecheka mpaka akakaa chini. Je, nimemuumiza?

BwanaShamba Mstaafu (Kasulu)

Hujamuumiza, ila sindano weka mbali. Huyo ni pupa, yaani lava aliyetulia akijigeuza kuwa mdudu kamili. Ameshajivua ngozi mara tatu akiwa lava, hii ya mwisho ndiyo ya kujibadilisha. Kujiinua vile ndiyo namna yake ya kutishia adui, hana miguu ya kukimbilia. Kwa joto la Kigoma mhesabie siku nne mpaka sita. Usimbandue, usimlowanishe, usisogeze neti. Kopo lisipigwe jua, humo ndani joto hupanda haraka.

Ukimwona ametoka utashangaa rangi. Sisemi, waache watoto waone.

Mwana wa Kibirizi

Mzee usitufanyie hivyo, sema tu.

BwanaShamba Mstaafu (Kasulu)

Sisemi.

Mama Pacha (Ujiji)

Mimi swali dogo. Wanangu walishika mmoja mkubwa, akawaachia maji ya njano mkononi yananuka. Ni sumu? Niliwaosha kwa hofu.

Mwalimu wa Awali (Isevya, Tabora)

Mama Pacha, hiyo ni damu yake mwenyewe. Akiogopa anaitoa kwenye maungio ya miguu, ni chungu, ndege akimuweka mdomoni anamtema. Mkononi haina shida, maji na sabuni vinatosha. Wasilambe tu vidole wala kusugua macho.

FundiShela

Wakuu, nimerudi. Leo Jumamosi saa moja asubuhi binti amenivuta shuka. Mmoja ametoka.

Mzee, sasa nimeelewa kwa nini ulibana. Ni wa njano! Njano ya kiini cha yai, laini, amelowa, hana doa hata moja. Binti akasema, "Huyu bado hajavaa." Tukakaa chini wote watatu. Mteja amekuja kupima gauni, nikamwambia subiri, naye akaishia kukaa chini na sisi. Mabawa yalikuwa yamejitokeza nyuma kama shimizi iliyochomoza chini ya gauni, halafu akayakunja taratibu. Saa tatu madoa yalianza kama uchafu, ya kijivu. Wakati wa adhuhuri alikuwa mwekundu kiasi, na madoa yanasomeka. Binti ana michoro mitano ya leo peke yake. Mchoro wa kwanza hajapaka rangi kwa sababu hatuna penseli ya njano, ameusugulia manjano ya jikoni. Daftari lote linanukia pilau.

Jioni tumemwachia kwenye kunde za jirani. Hakuruka mara moja, alipanda kidole cha binti mpaka ncha, ndipo akafungua mgongo. Kifungo chake kimehamishiwa kwenye bati lingine. Mdogo naye ametaka bati lake, amewekewa zipu mbovu.

Sasa mzee, swali la mwisho. Hao wa maboga nao wamejibandika, saba. Wakitoka niwapeleke wapi? Binti amekataa katakata nisiwaue. Na pale nyuma mimi nina maboga, jirani ana maboga.

BwanaShamba Mstaafu (Kasulu)

Hapo umeniweka pabaya, mwanangu. Kazi yangu yote ilikuwa kuwaua hao. Waweke kopo kubwa, uwalishe majani unayochuma mwenyewe kwenye maboga yako, waishie humo humo. Na jirani asijue.

FundiShela

Ameshajua. Binti amemualika aje awaone wakitoka.