Vitamini C za 1000 kumpa mtoto mwenye sikoseli, kuna shida?

MamaK_Kirumba
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada hasa mlioko kwenye mambo ya afya. Huku Mwanza mafua yametuvamia, nyumba nzima ni chafya tu, juzi nikapita duka la dawa nikauziwa zile vitamini C za kuyeyusha kwenye maji, za mg 1000, muuzaji akaniambia ni za familia nzima, kila mtu kimoja kwa siku kinga inapanda, ikizidi unaikojoa haina madhara. Mimi na baba watoto tumeshaanza. Sasa nina mtoto wa miaka 6 ana sikoseli, yuko kliniki, foliki asidi anakunywa kila siku na ameshaongezewa damu zaidi ya mara moja, nikishika kile kidonge nimpe roho inasita. Mama mkwe anasema nimpe maana huyo ndo anahitaji kinga kuliko sisi wote, tena itamwongezea damu. Na mama mkwe mwenyewe ana presha, na figo daktari alishamwambia haziko sawa, naye anakipenda hicho kinywaji. Kliniki ni wiki ijayo ila sitaki kukaa na wasiwasi hadi huko.

Mdau_Igoma
Mpe tu dada. Vitamini C si ndo ile ile ya kwenye machungwa? Mi natumia miaka yote mafua siyajui, ikizidi inatoka na mkojo kama ulivyoambiwa.

Mfamasia_Nyegezi
Dada usimpe kwanza, nisome mpaka mwisho. Mdau hapo juu kuna sehemu yuko sahihi, ni vitamini inayoyeyuka kwenye maji na sehemu kubwa ya ziada inatoka kwa mkojo. Ila kutoka kwa mkojo maana yake inapita kwenye figo, na hapo ndo pana shida.

Tuanze na mtoto. Wa miaka 6 anahitaji kama mg 25 tu kwa siku, na kiwango cha juu kabisa kwa umri wake ni mg 650, kwahiyo kidonge kimoja cha 1000 kimeshapita hata kabla hatujaongelea sikoseli. Mtu mzima mwanaume ni mg 90, mwanamke 75, na mwisho wa mtu mzima ni mg 2000. Ukizidisha unaanza kuona tumbo linasokota na kuharisha.

Sasa sikoseli. Damu ya mwanao haipungui kwa kukosa chuma, inapungua kwa sababu chembe nyekundu zinavunjika mapema. Halafu kila chupa ya damu anayoongezewa inakuja na chuma chake, na mwili hauna njia ya kukitoa, kinabaki kwenye ini, kwenye moyo. Vitamini C kazi yake mojawapo ni kuvuta chuma kutoka kwenye chakula, na kwa dozi kubwa inakiamsha hata kile kilicholala mwilini. Kwahiyo hilo la "itamwongezea damu" ni kweli kwa mama mjamzito aliyepungukiwa chuma, akinywa vidonge vyake vya chuma na juisi ya chungwa badala ya chai inaweza kusaidia, lakini kwa mtoto aliyeongezewa damu mara kadhaa ni habari nyingine kabisa. Kuna wakati daktari mwenyewe anawapa wagonjwa wa aina hiyo vitamini C kidogo pamoja na dawa ya kutoa chuma, ila hiyo ni yeye na vipimo vyake, sio sisi na duka la dawa.

Mama mkwe naye aache. Vitamini C ikivunjwa mwilini sehemu yake inageuka oksaleti, taka inayoweza kutengeneza mawe ya figo, na figo zikiwa dhaifu oksaleti inajaa. Na hizo za kutoa povu zinatengenezwa na magadi, zina sodiamu, mtu wa presha hatakiwi kuzinywa kila siku. Geuza boksi usome pembeni.

Bibi_wa_Nansio
Mwangaluka mayu. Mimi niko Ukerewe, machungwa huku msimu wake yanaoza chini ya miti huku watu wanavuka na meli kwenda mjini kununua vidonge, inaniuma kweli. Pera moja tu la kawaida linapita mg 100, chungwa linakaribia 70, papai nalo limo. Mtoto wa miaka 6 nusu chungwa limemtosha siku nzima. Na mchicha msichemshe mpaka ubadilike rangi halafu mmwage maji, vitamini nyingi mmeimwaga na moto umeila nyingine. Kaanga haraka, kula na dagaa wako, kamulia ndimu juu mezani sio jikoni.

Mdau_Igoma
Sawa kwa mtoto nimeelewa, figo pia. Lakini sisi wazima mbona mnatutisha? Mafua si inazuia kweli?

Mfamasia_Nyegezi
Sikutishi mkuu. Hili limepimwa sana tangu Linus Pauling, yule mwanasayansi wa Marekani mwenye Nobel mbili, alipolivalia njuga mwaka 1970. Mapitio ya 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, yalikusanya majaribio yenye watu zaidi ya elfu 11, wakaona kwa watu wa kawaida kunywa kila siku hakuzuii mafua kukupata. Yakikupata yanapungua muda kidogo, asilimia 8 kwa wazima na 14 kwa watoto, yani mafua ya wiki moja yanapungua karibu nusu siku kwa mzima na karibu siku moja kwa mtoto. Waliofaidika kweli ni wakimbiaji wa marathoni na wanajeshi waliokuwa kwenye baridi kali, hao walipata mafua nusu ya wenzao. Na ukianza kunywa baada ya kuanza kupiga chafya, ambavyo ndo wengi tunafanya, hakuna faida iliyoonekana ya kueleweka.

Halafu mwili wenyewe haupokei yote. Ukila mg 100 unachukua nyingi, ukimeza zaidi ya 1000 kwa mkupuo inaingia chini ya nusu. Sweden walifuatilia wanaume zaidi ya elfu 23 kwa miaka 11, waliokuwa wanameza hivi vidonge walipata mawe ya figo kama mara mbili ya wasiomeza. Kama ulishawahi kuumwa mawe, mkuu, achana navyo. Kama uko mzima na unataka, vile vya mg 100 au 200 vinatosha na bei ni ndogo.

Mwenye kiseyeye, yani ugonjwa wa kukosa vitamini C, fizi zinatoka damu, vidonda havifungi, huyo vitamini C ni dawa yake kabisa na inamponya. Huyo apewe bila kusita.

MamaK_Kirumba
Asanteni sana jamani, mmenitua mzigo. Za mtoto nimeziweka juu ya kabati, mama mkwe nimemsomea hapa amenyamaza ila kikombe amekiacha. Bibi wa Nansio machungwa ntanunua kesho. Swali moja tena, shoga yangu anawekewa dripu ya vitamini C saluni ya kung'arisha ngozi na mimi kanishawishi, hiyo nayo ikoje?

Nesi_wa_zamu
Dada hiyo ndo usiiguse kabisa. Kwenye mshipa hakuna tumbo la kukataa, gramu nyingi zinaingia zote. Kuna watu wana upungufu wa kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, kinaitwa G6PD, na wengi hawajijui, na sisi watu wa ukanda wa malaria tunao wengi, vitamini C ya dozi kubwa kwenye mshipa inaweza kuvunja damu yao ndani ya siku chache, mkojo unakuwa kama soda ya kola. Hospitali hawaweki dozi hiyo kabla ya kupima G6PD na figo, saluni nani anapima? Na kama shoga yako ana kisukari amwambie anayempima, baada ya dripu ile mashine ya kidole inaweza kusoma sukari juu kumbe iko chini, akachomwa insulini asiyohitaji.

Na kliniki wiki ijayo nenda na lile boksi mkononi, waulize na kiwango chake cha feritini, kile kipimo cha akiba ya chuma mwilini, kimepimwa lini.