Lubumbashi kwa basi kupitia Tunduma: nijipange vipi?

Wakuu, nataka kwenda Lubumbashi, DRC, nikipitia Zambia. Kifaransa sijui. Nianze na nini?

Jibu 1
Anza na chanjo ya homa ya manjano. Kadi inatambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo ukichanja jana yake utakwama mpakani. Habari ya viza ulizia ubalozini kabla hujaondoka, usiende kubahatisha Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na DRC. Ukishavuka hapo, magari yanapita kulia. Zambia ni kushoto kama kwetu. Wageni husahau wakishuka kwenye basi.

Jibu 2
Pesa ndiyo inayosumbua watu. Dola na faranga zinatumika pamoja: hoteli dola, sokoni na kwenye usafiri wa mjini faranga, na chenji ya dola utarudishiwa kwa faranga. Kagua kila noti unapoinunua, iinue kwenye mwanga, pitisha kidole pembeni. Iliyochanika kidogo tu au kuandikwa kalamu inakataliwa, hata kama ni halali. Noti za dola 1 wengi hawazitaki. Kadi ya benki isiwe tegemeo lako.

Jibu 3
Lugha isikutishe mkuu, Lubumbashi Kiswahili kinatosha mtaani. Kifaransa utakutana nacho kwenye fomu na ofisini. Ugali agiza bukari. Saa rudisha moja nyuma. Chaja iwe ya pini mbili za mviringo. Askari, madaraja na mpaka usipige picha kabisa. Kinshasa? Hiyo ni ndege, barabara sahau.