Gondhoraj, shatkora au ndimu yetu? Nataka kupika Kibengali

mapishi_temeke: Habari za humu jamani. Jumamosi nina wageni, nataka kupika Kibengali: wali na dengu nyekundu, nyama ya ng'ombe, na ghol, kile kinywaji chao cha mtindi. Mapishi yanataja gondhoraj na shatkora, matunda mawili ya kwao ya jamii ya ndimu. Mimi niko Dar, sokoni napata ndimu na malimau. Zinatofautiana sana?

binti_whitechapel: Sana, dada, na usizichanganye hizo mbili. Hapa London Mashariki Wabangladeshi wengi asili yao ni Sylhet, kaskazini mashariki mwa Bangladesh, kwa hiyo shatkora haikosekani, hata ya kugandisha. Ganda lake nene ndilo linalopikwa: wanalikata vipande, nyama ya ndani wanaitupa, kisha linaingia kwenye mchuzi ng'ombe akikaribia kulainika. Mchuzi unapata uchungu fulani wenye harufu, na ukishauzoea hutaki nyama nyingine. Gondhoraj, ambayo watu wa Kolkata, India, wanaipenda mno, ni kinyume chake. Maji yake machache, harufu yote iko kwenye ganda na majani. Ukiichemsha umeiua, inabaki uchungu. Zima moto kwanza ndipo uitie.

abu_muscat: Nakubaliana na binti. Niongeze kwamba Wabengali wenyewe hawatumii gondhoraj kila siku. Wana kagji lebu, ndimu ndogo ya ganda jembamba kama hii yetu. Kwa hiyo kwenye dengu usihangaike kabisa: weka kipande cha ndimu pembeni ya sahani, kila mtu akamulie mwenyewe. Nyama ndiyo ngumu. Huku Oman tuna ndimu kavu, nimeijaribu kwenye nyama. Tamu kweli, lakini inakuwa chakula cha Ghuba, si cha Sylhet. Kama huna shatkora, pika nyama ya kawaida.

mapishi_temeke: Shukrani sana. Na ghol je? Hiyo ndiyo naitaka hasa.

bi_mkubwa_tanga: Mwanangu, ghol utaiweza. Chagua ndimu za kijani zenye ganda gumu, uzioshe vizuri. Kwaruza kwa greta ya karoti, juujuu tu, ukiona nyeupe simama. Huo weupe ndio mchungu. Chukua majani machanga ya mndimu mawili matatu, yafikiche kwa mkono mpaka yanukie, yaloweke kwenye maji baridi. Piga mtindi na maji hayo, sukari, chumvi nyeusi kidogo (maduka ya viungo ya Kisutu wanayo) na ganda ulilokwaruza. Chuja. Mtindi wetu ni mkali tayari, basi juisi ya ndimu onja kwanza kabla hujaongeza.

binti_whitechapel: Shikamoo bi mkubwa. Mimi ningechukua majani ya mlimau, yananukia zaidi. Ila majani ya ndimu ya Kithai ya dukani hapana, yanameza kila kitu.

bi_mkubwa_tanga: Marahaba mwanangu. Ya mlimau sawa, ila jani moja latosha kwa jagi. Na wewe wa Temeke, usiitengeneze asubuhi ukaiweka mpaka jioni. Ganda likikaa ndani ya mtindi linatia uchungu. Wageni wakishaketi ndipo ukwaruze.