Jiji kubwa nisilolijua: napataje njia nzuri ya kukimbia?

Pumzi_Ndefu
Wakuu, habari zenu. Nitakaa siku 5 kwenye jiji kubwa, hoteli iko katikati ya mji. Ratiba ya wiki hiyo ina mbio 3: km 8 za taratibu, mita 800 mara 6 kwa kasi, na km 18 Jumamosi. Mnatafutaje njia kabla ya kufika? Sitaki kusimamishwa na taa za barabarani kila baada ya mita 150, wala kuishia kwenye mashine ya hotelini.

GuuJepesi
Karibu mkuu. Anza kutafuta maji. Magari hayakatizi mto, mfereji wala ziwa ila kwenye madaraja, kwa hiyo njia ya kando ya maji huwa na makutano machache. Chicago kuna Lakefront Trail, km 29 hivi kando ya Ziwa Michigan. Kama maji hayapo, tafuta ukuta mrefu wa kuzunguka. Tokyo watu huzunguka Kasri la Mfalme: mzunguko ni km 5, hukutani na taa hata moja, na wakimbiaji huenda kinyume na mshale wa saa. Ukienda upande wa pili utapishana nao uso kwa uso penye wembamba, kwa hiyo popote uendapo angalia kwanza wenyeji wanazungukia upande gani.

Kisha fungua ile ramani ya Strava (programu ya simu ya kurekodi mbio na safari za baiskeli) inayoonyesha njia zinazotumika sana. Chagua kukimbia peke yake, la sivyo mistari ya waendesha baiskeli itakupeleka kwenye barabara kuu. Hata hapo usiiamini kichwa kichwa. Mstari unaong'aa unaweza kuwa ndani ya chuo chenye geti au kambi ya jeshi (Januari 2018 ramani hiyo hiyo ilizua kelele kwa kuanika kambi). Na mstari huo ukipita juu ya daraja la magari pekee, huenda uliachwa na wakimbiaji wa marathoni, siku ambayo barabara ilifungwa.

Ndiyo maana hatua ya mwisho ni picha za mtaani zilizo kwenye ramani za mtandaoni. Sogea nazo kipande kwa kipande na utazame mambo 3: njia ya waendao kwa miguu haikatiki, kuna nguzo za taa, na hakuna geti. Bustani nyingi hufungwa usiku, hivyo soma saa za kufungua kama unakimbia alfajiri.

Kama hujalipia hoteli, ihamishe. Kulala km 1 kutoka kwenye maji kunakufaa kuliko kulala katikati ya mji.

Njia_ya_Kwanza
Hizo mita 800 usizipime kwa saa ya GPS katikati ya maghorofa. Mawimbi ya setilaiti hugonga kuta na vioo kabla ya kufika mkononi, saa inadhani umeruka mtaa wa pili, na kasi inayoonyesha inapanda na kushuka ovyo.

Uwanja wa riadha huonekana upesi kwenye picha za angani: duara refu, mara nyingi jekundu. Piga simu kwanza, kwa sababu vingi ni vya shule au klabu. Mzunguko wa mita 400 ni wa njia ya ndani kabisa. Kila njia ya nje huongeza mita 7 na ushee kwa mzunguko, hivyo njia ya 8 ni karibu mita 453. Wakikupanga huko, mizunguko 2 inazidi 800 kwa zaidi ya mita 100, nawe utashangaa muda wako umeharibika.

Ukikosa uwanja, geuza umbali kuwa muda. Kama 800 yako ni dakika 3 na sekunde 30, kimbia kwa nguvu muda huo, kisha dakika 2 taratibu, mara 6. Njia yoyote iliyonyooka bustanini inatosha.

Pumzi_Ndefu
Asanteni sana. Na km 18 je? Bustani niliyoiona ina mzunguko wa km 2.5 tu.

GuuJepesi
Mizunguko 7 ni km 17.5, na chupa ya maji unaiacha sehemu moja. Ila mimi ningefuata reli ya treni za mjini: kimbia kuelekea upande mmoja, rudi kwa treni. Beba kadi ya nauli na koti jepesi, maana jasho hupoa haraka ukikaa.

Na kwa kuwa ni Jumamosi, angalia kama jiji lina parkrun, mbio za pamoja za Jumamosi. Ilianza London mwaka 2004 na sasa iko nchi nyingi: km 5, asubuhi, bure. Jiandikishe mtandaoni mapema na uende na bakodi yako, bila hiyo muda wako haurekodiwi. Kimbia km 8 kabla, 5 pamoja nao, 5 kurudi.

Kifua_Wazi
Nyongeza fupi. Pakua ramani itakayofanya kazi bila intaneti, na piga picha ya jina la hoteli kwa maandishi ya huko. Kama magari yanapita upande usiouzoea, macho yatatazama upande usio sahihi kwanza, hivyo tazama pande zote mbili kila unapovuka na uvue spika za masikioni. Halafu angalia mwinuko wa jiji. Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, Bogotá karibu 2,640. Huko kasi yako ya kawaida itakukata pumzi, basi zile km 8 ziende kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima.