Natafuta mbwa wa kufuata nguruwe pori bila kubweka (Texas): nianzie wapi, na nizalisheje?

Bonde_la_Trinity:
Habari zenu wakuu. Nipo mashariki mwa Texas, nasimamia shamba la ng'ombe ambalo nusu yake ni malisho na nusu ni msitu wa bondeni, miiba na matope. Nguruwe pori wanafukua malisho kila usiku. Mbwa wanaopatikana hapa jirani ni wa harufu, Walker na Redbone. Wana pua nzuri sana, ila wakiokota nyayo tu wanaanza kubweka, na kundi la nguruwe linakuwa limeshavuka uzio kabla mbwa hawajafika. Nataka mbwa mwenye pua ya maana lakini anayefuata kimya mpaka amfikie. Je, kuna ukoo wa kuutafuta? Na nikitaka kuzalisha mwenyewe, nichanganye nini na nini? Mwenye uzoefu anijuze.

PuaBaridi:
Mkuu, kwanza tuelewane unatafuta nini, maana wauzaji wengi huita "kimya" mbwa wa kila namna. Kuna anayebweka tangu harufu ya zamani. Kuna anayenyamaza kwenye harufu ya zamani lakini hutoa sauti mbili tatu harufu ikiwa mbichi au akimwona nguruwe anakimbia. Huyo ni nusu kimya. Halafu kuna aliye kimya kabisa njiani. Wote watatu lazima wabweke kwa nguvu nguruwe akishasimama, tena wasiache. Mbwa aliye kimya njiani na kimya mbele ya nguruwe hana faida: hujui yuko wapi, na nguruwe hana sababu ya kubaki amesimama akimwangalia.

Kwa nini mbwa wa harufu hubweka? Walizalishwa miaka mingi kwa ajili ya mbweha na rakuni, ambapo mwindaji hufuata sauti. Kwa nguruwe hilo linageuka hasara. Dume kubwa zee mara nyingine husimama na kupigana hata akisikia kelele, lakini majike wenye watoto na madume vijana huondoka mapema. Mbwa kimya humkuta nguruwe bado amelala au anakula, na mbio zinakuwa fupi.

Ukoo: anza na mbwa wa kuchungia mifugo wa Kusini mwa Marekani, siyo na mbwa wa harufu. Catahoula wa Louisiana, Black Mouth Cur, na Florida Cur. Wengi wao wana mdomo wa kufungwa kwa asili, na kumzunguka mnyama na kumsimamisha ndiyo kazi yao tangu zamani. Udhaifu wao ni pua: wengi hufanya kazi vizuri kwenye harufu mbichi, lakini nyayo za saa nyingi wanazipita tu. Plott, ambaye ni mbwa wa harufu, ana pua na moyo, ila koo nyingi za Plott hubweka njiani. Zipo zenye mdomo wa kufungwa, lakini zinatafutwa ukoo kwa ukoo. Jina la aina peke yake halikuhakikishii lolote.

Ukienda kununua mbwa aliyekwisha kufundishwa, fanya hivi. Omba afunguliwe peke yake, kwenye ardhi asiyoizoea. Akifunguliwa na wenzake huwezi kujua kama anafuata harufu au anafuata mkia wa mwenzake, na mbwa anayefuata mkia huwa kimya daima! Shika mwenyewe kifaa cha GPS kinachochora njia ya mbwa. Akiwa anatafuta, mstari wake utakuwa wa kupindapinda. Akiokota nyayo mstari unanyooka na mwendo unaongezeka. Kuanzia hapo sikiliza mpaka asimame. Siku ya upepo mkali usijidanganye kwamba hukusikia kitu: funga kinasa sauti kidogo kwenye kola, usikilize baadaye. Rudia angalau mara tatu, na mojawapo iwe asubuhi nguruwe wakiwa wamepita usiku, uone anavyoishughulikia harufu iliyopoa. Hapo ndipo mdomo wa mbwa nusu kimya hufunguka, kwa sababu anahangaika. Mwisho, akimsimamisha nguruwe, usikimbilie. Mwache nusu saa uone kama anabaki.

Mzalishaji_Cur:
PuaBaridi kamaliza upande wa kununua. Mimi niongezee kuzalisha.

Ukitaka pua ya mbwa wa harufu na mdomo wa cur (hao mbwa wa kuchungia aliowataja), mchanganyiko wa kwanza wa nusu kwa nusu hautakupa jibu. Watoto hutoka wa kila aina: wengine wanabweka kama mama yao wa Walker, wengine nusu kimya, wachache kimya. Kinachofanywa na wengi ni kuchukua yule kimya mwenye pua bora katika hao na kumrudisha kwa cur kimya. Unapata robo ya damu ya mbwa wa harufu, na wengi huishia hapo. Ukiongeza damu hiyo zaidi, pua inapanda na mdomo unafunguka pamoja nayo.

Usihukumu mapema. Mtoto wa miezi minane anayekimbia na wakubwa anaweza kuwa kimya kwa sababu hajiamini, kisha akifika mwaka na nusu akaanza kuimba. Wengine kinyume chake: wanapiga kelele za utoto halafu wanafunga mdomo. Subiri hadi miezi 14 hadi 18, na umpime akiwa peke yake. Kabla ya hapo usihasi wala usiuze kwa jina la "kimya".

Kuna jambo ambalo wengi hulipuuza: weka kumbukumbu ya watoto wote wa mkupuo, siyo wale tu uliobaki nao. Wape wawindaji watakaokurudishia taarifa. Kila mbwa mpe alama: 0 hakubweka kabisa njiani, 1 alibweka akimwona nguruwe, 2 kwenye harufu mbichi, 3 kwenye harufu ya zamani. Dume aliye 0 ambaye nusu ya watoto wake ni 2 na 3 hafai kuwa dume la mbegu, hata awe mzuri kiasi gani msituni. Ni afadhali dume mwenye 1 ambaye watoto wake wote ni 0 na 1.

Kuhusu kuoanisha ndugu ili kukaza sifa: mjomba na mpwa wanakupa asilimia 12.5 ya damu ya kujirudia (jeni ile ile kutoka kwa baba na kwa mama), ndugu wa baba na mama mmoja asilimia 25. Hiyo ya pili iache kabisa.

Vet_Mashambani:
Upande wa afya, kwa kifupi.

Catahoula wenye mabaka: ukipandisha mwenye jeni ya mabaka (merle) kwa mwenzake mwenye jeni hiyo hiyo, kwa wastani robo ya watoto watapata nakala mbili, na hao wako kwenye hatari kubwa ya uziwi na kasoro za macho. Jeni inaweza kujificha kwa mbwa anayeonekana wa rangi moja, kwa hiyo fanyeni kipimo cha mate, msiamini macho.

Nyonga: picha za OFA (shirika la Marekani linalokagua nyonga za mbwa) za kudumu huchukuliwa mbwa akifikisha miezi 24, na huo ndio umri mzuri wa kuanza kuzalisha jike. Dume na jike wote wapimwe *Brucella canis*, bakteria anayeharibu mimba za mbwa, kabla ya kukutana. Jike akiingia joto usihesabu siku tu. Pima projesteroni (homoni ya uzazi) kwenye damu kila baada ya siku mbili hivi. Ikifika karibu nanogramu 5 kwa mililita yai linatoka, nawe unapandisha siku ya pili na ya nne baada ya hapo. Kuzaa ni takriban siku 63 tangu yai litoke.

Bonde_la_Trinity:
Shukrani sana wakuu. Swali: hao Walker wa jirani, siwezi kuwafunga mdomo kwa kola ya umeme? Naambiwa inafanya kazi.

PuaBaridi:
Hapana kaka. Mbwa anapigwa shoti akiwa na pua kwenye nyayo za nguruwe, na anachojifunza ni kwamba nguruwe anauma hata kabla hajamwona. Wengi huacha kabisa kufuata, au huacha kubweka hata pale nguruwe amesimama. Kola hiyo ni ya kumzuia kukimbiza kulungu, tumia kwa hilo tu. Na mtoto unayemtaka kimya usimfungue pamoja na mbwa wa kelele, ataiga. Anza naye miezi mitano au sita, kwa nguruwe mdogo, pamoja na mbwa mkubwa mmoja kimya, kisha peke yake. Zizi la mazoezi, lenye nguruwe aliyefungiwa ndani, lisizidi dakika chache; likizidi anakuwa mbwa wa zizini, hodari wa kubweka na hajui kutafuta.

Turkana_Boy:
Wakuu, hii kitu Kenya inawezekana?

Mzalishaji_Cur:
Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Uzi huu ni wa Texas.

Vet_Mashambani:
Bonde, jambo la mwisho, na ni la lazima: mbwa kimya hufika peke yake, na dakika za kwanza anapambana bila msaada. Mvalishe fulana ya kinga ya kifua na kola pana ya shingo, ila Texas ya kiangazi fulana humchemsha mbwa, hivyo winda usiku na beba maji. Jeraha la kifua linalovuta hewa lifunike kwa plastiki safi, uende kliniki mara moja, usishone mwenyewe. Usiwalishe nyama mbichi wala matumbo ya nguruwe pori: ugonjwa wa Aujeszky huua mbwa ndani ya siku chache na hauna tiba. Wewe pia vaa glavu ukichuna, kwa sababu ya *Brucella suis*, bakteria wa nguruwe anayeambukiza na watu.

Na pata ruhusa ya majirani kabla ya kufungua mbwa. Tangu Septemba 2019 Texas haidai leseni ya uwindaji kwa nguruwe pori kwenye ardhi binafsi, mradi mwenye ardhi amekubali, na ruhusa ya shamba lako haivuki uzio pamoja na mbwa.