MREJESHO: Programu ya kuchorea ramani ya dunia ya kubuni

Wakuu salaam, niliuliza programu ipi ya bure itanifaa kuchora ramani ya bara zima la kubuni kwa ajili ya D&D yetu ya wikiendi (mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika), laptop yenyewe RAM 4GB. Asanteni sana kwa majibu.

Nimeenda na Azgaar, ile inayofunguka kwenye brauza, na aisee imejibu. Unapandisha milima kwa brashi, mito inajichora yenyewe kushuka baharini, ila kilichoniacha hoi ni upepo, nimegeuza mshale utoke mashariki basi mvua yote ikamwagika upande huo wa milima na nyuma yake pakabaki pakavu, kama Kilimanjaro tu kusini kulivyo kijani kuliko kaskazini. Na majina ya miji humo ndani kuna chaguo la Kiswahili, ufalme wangu wa pwani umepata majina yanayotamkika, wachezaji wamefurahi mno.

Ule ushauri wenu wa kutoa ramani kama SVG (faili la mchoro ambalo maandishi yake bado yanaharirika) nikapange majina kwenye programu ya michoro ya vekta umenishinda, laptop inaganda hata faili halijafunguka lote. Nimezima leya ya majina, nikatoa PNG (picha ya kawaida), majina nikaandika kwa mkono baada ya kuprinti A3. Hayajakaa vizuri sana lakini yanasomeka.

Atakayejaribu, hifadhi faili la .map (ndilo lenye ramani yako) kwenye kompyuta kabisa, usiliachie brauza maana ukifuta data zake limeenda na bara lako.

Mwenye njia nyepesi ya hayo majina bado namsikiliza.